MUFUPA ULIOPUNGUKA NA VITU VYA KUUJAZA

Wazee wanasema: Mukono mumoja haulei mwana. Mutu akivunjika mukono, atalima namna gani? Mama atatwanga sombe namna gani, na kumufunga mutoto mugongoni namna gani? Kwa hiyo katika somo hili tutasema juu ya mifupa ya mukono, na zaidi juu ya jambo moja ambalo wagonjwa wengi wanauliza kwa hofu: "Munganga anasema mufupa wangu una pengo, na pengo linapaswa kujazwa. Atatia kitu gani ndani yake? Mufupa wa mutu mwingine? Jiwe? Na kitu kile kitakaa ndani ya mwili wangu siku zote?"

Maulizo haya ni mazuri. Mutu asione haya kuuliza. Mwili ni wake, na yeye ndiye atakayeishi na mukono ule.

1. Mufupa ni kitu chenye uzima

Tunaona mifupa ya mbuzi iliyotupwa nyuma ya nyumba, mikavu na myeupe, na tunafikiri kwamba mifupa iliyo ndani yetu ni vilevile. Sivyo. Mufupa ulio ndani ya mwili una damu na maumivu. Ndani yake kuna chembe nyingi zenye uzima, ndogo sana hata jicho haliwezi kuziona. Nyingine zinabomoa mufupa wa zamani, nyingine zinajenga mufupa mupya, na kazi hiyo haikomi tangu kuzaliwa hata kufa.

Mukono mumoja, tangu bega hata ncha za vidole, una mifupa 30. Mumoja ni wa juu ya kiwiko, miwili ni ya chini ya kiwiko, na 27 ni ya kifundo, kiganja na vidole. Kama mumoja wao ukivunjika, damu inakusanyika mahali pale na kuganda. Kisha mwili unaweka kitu laini kati ya ncha mbili, kama gundi. Baadaye kitu kile kinakuwa kigumu, kinakuwa mufupa. Kidole kinaweza kushikamana kwa wiki 3 au 4. Kifundo cha mukono kinahitaji wiki 6 hivi. Mifupa mikubwa ya mukono wa mutu muzima inahitaji wiki 8 hata 12, na pengine zaidi. Watoto wanapona upesi kuliko wakubwa.

Munganga hawezi kuunga mufupa. Anaweza kuunyoosha, kuushika usitikisike, na kuulinda na uchafu. Mwili wenyewe ndio unaouunga. Mushike sana neno hili, kwa maana mambo yote yanayofuata yanasimama juu yake.

2. Pengo linatoka wapi?

Mara nyingi mufupa uliovunjika unapona bila kujazwa kitu. Lakini kuna sababu nne zinazoweza kuleta pengo.

Ya kwanza ni kusagika. Mutu anaanguka toka pikipiki au toka muti wa maembe, na kujikinga kwa kiganja. Mufupa karibu na kifundo unabonyea ndani, kama yai lililogongwa. Ukiinuliwa mahali pake, nafasi tupu inabaki chini yake.

Ya pili ni usaha. Mavi ya udongo yanaingia kwa kidonda, au kidonda cha risasi kinaoza, na kipande cha mufupa kinakufa. Kipande kilichokufa kinapaswa kuondolewa, na mahali pake panabaki patupu.

Ya tatu ni mufupa uliokataa kushikamana. Miezi inapita, na ncha mbili zinachezacheza kama mulango kwenye bawaba. Kuna mufupa mudogo chini ya kidole gumba, wenye umbo la mutumbwi, ambao unakataa mara nyingi, kwa sababu damu yake inaingia zaidi kwa upande mumoja. Ukikatika katikati, upande wa pili unakosa chakula.

Ya ine ni uvimbe ndani ya mufupa. Mama mumoja alikuwa akitwanga sombe. Mutwangio ulimugonga kidole kidogo tu, na kidole kikavunjika. Jirani zake wakasema amerogwa, kwa maana nani anavunjika kwa sombe? Lakini picha ya radio ilionyesha kwamba mufupa wa kidole ulikuwa mutupu ndani kama muanzi. Uvimbe laini ulikuwa umeula polepole kwa miaka mingi bila maumivu. Uvimbe wa namna hii ndio unaoonekana mara nyingi kuliko wote katika mifupa ya kiganja na vidole, na kwa kawaida si mubaya. Hakuna aliyemuroga.

3. Mufano wa maharage yanayopanda

Ninyi mulio walimaji munajua maharage yanayopanda juu ya miti. Ili yazae, mambo matatu yanahitajiwa. Kwanza, mbegu yenye uzima. Pili, mvua ya kuiamsha mbegu. Tatu, muti wa kupandia.

Mufupa vilevile. Mbegu ni zile chembe zenye uzima. Mvua ni vitu ambavyo mwili unatoa ili kuziamsha chembe na kuziita zije kujenga. Katika mwaka 1965 munganga Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba vitu vya kuamsha namna hiyo vimefichwa ndani ya mufupa wenyewe. Na muti ni kitu chenye matundu madogo ambamo mufupa mupya unaweza kutambaa na kushika.

Kama unasimamisha muti katika shamba lisilo na mbegu, utavuna nini? Hata muti ukiwa wa bei kali namna gani, hautazaa haragi hata moja.

4. Mufupa wa mugonjwa mwenyewe

Kitu kinacholeta mambo yote matatu pamoja ni mufupa wa mugonjwa mwenyewe. Munganga anautoa mara nyingi kwenye kiuno, pale mukaba unapokaa, kwa maana mufupa ule ni munene na una akiba nyingi ndani. Kwa pengo dogo anaweza kutoa kidogo karibu na kifundo cha mukono au kwenye kiwiko. Mwili hauukatai, kwa sababu ni wake. Hauuzwi sokoni.

Lakini una taabu zake. Mugonjwa anapata kidonda cha pili. Kiuno kinauma kwa siku nyingi, na kwa watu wengine kwa miezi. Tena akiba ina mwisho, zaidi kwa mutoto mudogo. Kwa sababu ya taabu hizi, waganga wametafuta kwa muda murefu kitu kingine cha kujaza pengo.

5. Habari za zamani

Katika mwaka 1668 iliandikwa habari ya munganga Muholanzi, Job van Meekeren. Yeye alieleza juu ya askari wa Urusi ambaye kichwa chake kilizibwa kwa kipande cha mufupa wa imbwa. Inasemwa kwamba wakubwa wa kanisa walimukataza kuingia kanisani mpaka kipande kile kiondolewe. Lakini kiliposhikamana, hakikuweza kuondolewa tena. Basi hofu ya kutiwa mufupa usio wako si mupya, na si ya Waafrika peke yao.

Katika mwaka 1879, katika muji wa Glasgow, munganga William Macewen alipokea mutoto mudogo ambaye usaha uliharibu mufupa wa mukono wake wa juu. Mukono ulikuwa ukining'inia bure. Macewen alikuwa akiwapasua watoto wengine ili kunyoosha miguu ya matege, na vipande vya mifupa vilikuwa vikiondolewa. Akachukua vipande vile, akavipanga mahali pa mufupa uliopotea. Mutoto yule alikua, na baada ya miaka 30 hivi alikuwa mwanaume mwenye kufanya kazi kwa mukono ule.

Tena katika mwaka 1892 munganga Dreesmann wa Ujeremani alijaza matundu ya mifupa kwa plasta, ni kusema ule unga mweupe wa jiwe unaokuwa mugumu ukitiwa maji, ambao tunafungia mikono iliyovunjika. Akaona kwamba plasta iliyeyuka polepole, na mahali pengine mufupa mupya ukaingia.

6. Vitu vinavyotumiwa sasa

Mufupa wa mutu mwingine. Hutolewa kwa ruhusa, pengine kwa mutu aliyekufa, pengine kwa mutu aliye hai aliyepasuliwa nyonga. Mwenye kuutoa anapimwa kwanza SIDA, ugonjwa wa ini na kaswende, kisha mufupa unasafishwa na kuwekwa katika baridi kali. Chembe zake zimekufa. Umebaki muti wa kupandia, pengine na mvua kidogo. Roho ya mutu haimo, wala tabia yake haiingii ndani yako.

Mufupa wa ng'ombe. Unachomwa kwa moto mukali mpaka nyama yote na mafuta yote yaishe, na chumvi za mufupa tu zibaki.

Mawe ya bahari, yaitwayo matumbawe. Yanajengwa na wanyama wadogo sana wa bahari. Watu wa pwani, kule Mombasa, Lamu na Unguja, wamejenga nyumba kwa mawe hayo tangu zamani. Katika miaka ya 1970 watu wa elimu katika Marekani walitambua kwamba matundu yake yanafanana na matundu ya mufupa. Kwa moto na maji yenye nguvu wanayageuza kuwa chumvi ileile ya mufupa.

Plasta iliyosafishwa kwa ajili ya kupasua. Hii inayeyuka upesi, katika wiki 6 hata 12 hivi. Faida yake ni kwamba inaweza kuchanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Ubaya wake ni kwamba pengine inaisha mbele mufupa haujaingia. (Mutu asijaribu kutia plasta ya kawaida katika kidonda! Ataleta usaha.)

Chumvi za mufupa zinazotengenezwa na watu, ziitwazo fosfati ya kalisiumu. Nyingine ni punje kama muchanga, nyingine ni uji unaoingizwa kwa sindano na kuwa mugumu ndani ya pengo. Aina moja inaisha kwa miezi 6 hata 24. Aina nyingine inakaa miaka mingi, na mufupa unaizunguka bila kuiondoa.

Vitu hivi, kwa sehemu kubwa, ni muti wa kupandia tu. Kama pengo ni dogo, na kuna mufupa wenye uzima pande zote, maharage yatatoka kandokando na kupanda. Kama pengo ni kubwa, na kando zake zimekufa, muti utasimama peke yake.

Tena vitu hivi ni kama chungu cha udongo. Chungu kinaweza kubeba muzigo juu yake, lakini ukikigonga au kukipinda kinapasuka. Kwa hiyo munganga akiisha kujaza pengo, mara nyingi anaweka pia chuma na misumari, au plasta ya nje, ili mufupa usipindwe.

7. Si kila tundu linapaswa kujazwa

Yule mama wa sombe alidhani atatiwa mufupa wa mufu. Munganga akamwambia: "Hapana, Mama. Nitakwangua uvimbe tu. Tundu lako ni dogo, na mwili wako utalijaza." Ndivyo ilivyo. Waganga wengi wameona kwamba matundu madogo ya vidole, yakiisha kukwanguliwa vizuri, yanajaa mufupa yenyewe. Vilevile kifundo kilichobonyea: kama kikishikwa sawasawa kwa chuma cha namna ya sasa, mara nyingi hakihitaji kujazwa.

8. Kijana aliyekataa kukatwa kiuno

Sikilizeni sasa habari nyingine, ili mufahamu jambo lililo kubwa katika somo hili.

Kijana mumoja alivunjika mukono chini ya kiwiko, na mufupa ukatoka nje ya ngozi. Alifungwa kijijini kwa vipande vya mianzi. Alipofika hospitali, miezi mitatu ilikuwa imepita, na usaha ulikuwa ukitoka. Munganga akasema: "Kwanza tutasafisha, na kuondoa mufupa uliokufa. Baadaye, usaha ukiisha, tutajaza pengo kwa mufupa wa kiuno chako."

Kijana akakataa. "Munganga, ninaumwa mukono. Kwa nini mukate kiuno?"

Baba yake akasimama, akasema: "Munganga, tumesikia kwamba katika miji mikubwa kuna mufupa wa kutengenezwa. Nitauza shamba langu. Utuandikie jina lake, tuununue."

Munganga akajibu: "Muzee, ninaona upendo wako. Lakini usiuze shamba. Mufupa wa kununua ni muti bila mbegu. Pengo la mutoto wako ni kubwa, na mahali pale palikuwa na usaha. Nikitia kitu kisicho na uzima mahali penye usaha, vijidudu vitajificha ndani yake kama panya katika majani ya nyumba, na tutalazimishwa kukiondoa. Utapoteza shamba, na mukono pia. Mbegu nzuri anayo yeye mwenyewe, hapa kiunoni, na haiuzwi."

Muzee akanyamaza. Kisha akamugeukia mutoto wake: "Unasikia? Ulizaliwa na dawa yako."

Walisafisha mara mbili. Katika pengo wakaweka kipande cha simenti ya mifupa yenye dawa, kushika nafasi tu. Njia hii ilianzishwa na munganga Masquelet wa Ufaransa katika miaka ya 1980. Katika wiki 6 hata 8 mwili unafunika simenti kwa ngozi nyembamba yenye damu nyingi, kama mufuko. Ndipo munganga anafungua mufuko, anatoa simenti, na kuujaza mufupa wa kiuno. Walifanya hivyo kwa kijana yule, wakamufunga chuma. Alitembea kesho yake, kwa kuchechemea. Mukono wake ulihitaji miezi mingi. Haukunyooka kabisa, na kiganja hakigeuki sana kama zamani. Lakini anashika jembe.

9. Kazi yako wewe mugonjwa

Kwa kuwa mwili wenyewe ndio unaojenga, mugonjwa ana kazi kubwa kuliko munganga.

Uje upesi. Mufupa uliotoka nje ya ngozi unapaswa kuoshwa hospitalini siku ileile. Usikubali kufungwa sana. Kama vidole vinakuwa baridi, vinakufa ganzi, au maumivu yanazidi, kamba ifunguliwe mara moja, hata usiku. Mikono mingi inapotea kwa kamba, si kwa kuvunjika.

Uache tumbako. Moshi wake unapunguza damu inayofika kwenye mufupa, nao unakawia au unakataa kushikamana. Mugonjwa wa sukari aendelee na dawa zake.

Kula chakula cha kujenga: maharage, karanga, ndagala pamoja na mifupa yao midogo, mayai, maziwa, sombe. Bugali peke yake haijengi mufupa.

Inua mukono, na uvichezeshe vidole ambavyo munganga amekuruhusu, kila saa ya muchana. Mufupa unaweza kupona vizuri, na vidole vikabaki vigumu kama vijiti. Hapo faida ni gani?

Kama kuna homa, usaha, harufu mbaya, au wekundu unaoenea, rudi. Usingoje siku ya kuitwa.

Tena uulize mbele ya kupasuliwa: "Pengo langu ni kubwa namna gani? Utalijaza kwa kitu gani? Kimetoka wapi? Kitayeyuka au kitabaki? Je, linaweza kupona bila kujazwa?" Munganga muzuri hatakasirika.

10. Maneno ya kukumbuka

Mufupa una uzima. Munganga anaunyoosha, mwili unauunga. Mufupa wa kutengenezwa ni muti wa kupandia: unafaa kwa pengo dogo, safi, lenye mufupa muzima kandokando. Kwa pengo kubwa, au mahali palipokuwa na usaha, mufupa wa mugonjwa mwenyewe unapita vitu vyote vya kununua. Kitu cha bei kali si lazima kiwe kitu kizuri.

Maulizo

1. Sababu nne za pengo katika mufupa ni zipi?
2. Katika mufano wa maharage, mbegu ni nini? Mvua ni nini? Muti ni nini?
3. Kwa nini munganga alimukataza muzee kuuza shamba?
4. Kwa nini si vizuri kutia mufupa wa kutengenezwa mahali penye usaha?
5. Jirani yako amefungwa mukono kwa mianzi, na vidole vyake ni baridi. Utafanya nini?